Polio ya utotoni, mifupa ya uzeeni: mwongozo kamili wa kuzuia kuanguka na kuvunjika mjini Lamu

Mtu aliyeugua polio utotoni haanguki ovyo. Mara nyingi huanguka kwa namna ileile, upande uleule, na pengine saa zilezile za siku. Likamate hilo kwanza, kabla ya kununua bakora mpya au kumwita fundi. Ushauri anaopewa kila mzee, kunja mikeka, washa taa, tembea polepole, ni mwema, lakini haumtoshi mtu ambaye goti lake hukunjika ghafla au ambaye vidole vyake vya mguu havinyanyuki. Ukishajua mguu wako unavyoanguka, utajua pia cha kurekebisha kwanza.

Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa chanjo za watoto mwaka 1980. Wengi walioipata polio kabla ya hapo sasa ni mama, baba, bibi na babu, na wanayoyaona miilini mwao mara nyingi huambiwa kuwa ni uzee tu. Uzee umo, lakini si peke yake.

Kwa nini sasa, baada ya miaka yote hii

Kirusi cha polio huua sehemu ya chembe za neva za uti wa mgongo zinazoamrisha misuli. Zilizosalimika huchipusha matawi mapya na kuichukua misuli iliyoachwa bila neva. Ndiyo maana mtoto aliyelala miezi kitandani aliweza kuinuka tena. Lakini chembe hizo zimefanya kazi ya nyingi kwa miongo kadhaa, na baada ya miaka 15 na zaidi, kwa wengi kati ya 20 na 40, matawi hayo huanza kupukutika. Huja udhaifu mpya, uchovu usiolingana na kazi iliyofanywa, maumivu ya misuli na kutovumilia baridi. Madaktari huiita hali ya baada ya polio. Si polio iliyorudi, na haimwambukizi mtu.

Mfupa nao hupata nguvu kwa kuvutwa na misuli na kubeba uzito. Mguu uliopooza ulikosa yote mawili tangu utotoni, kwa hiyo mfupa wake ni mwembamba na mwepesi, na mara nyingi ni mfupi kuliko wa upande wa pili. Ongeza juu yake umri, kukoma hedhi, sigara, au vidonge vya steroidi (dawa kali za kupunguza uvimbe) vilivyotumika muda mrefu, na kuanguka kwa kawaida tu kutoka kusimama kunatosha kuvunja paja karibu na nyonga au juu kidogo ya goti. Shida ni kwamba mtu huelekea kuangukia upande dhaifu, na upande huo ndio wenye mfupa mwepesi zaidi.

Polio haiui hisia. Mguu uliopooza kwa polio unahisi mguso, joto na maumivu sawasawa. Kwa hiyo ganzi au kuchomachoma nyayoni kuna sababu nyingine, kisukari kikiwa cha kwanza kupimwa, na maumivu mapya katika mguu huo yasipuuzwe kwa kuwa “mguu wenyewe ulikuwa mbovu tangu zamani”.

Hatua ya kwanza: andika kila kuanguka na kila kuponea chupuchupu

Chukua daftari la shule. Kwa mwezi mmoja andika saa, mahali, ulichovaa miguuni, ulichoshika mikononi, upande ulioangukia, na dawa ulizomeza siku hiyo. Kuponea chupuchupu, pale uliposhika ukuta ukawahi, kuhesabiwe pia. Asiyeandika amtume mjukuu amwandikie. Baada ya mwezi, karibu kila mtu huangukia katika mojawapo ya namna hizi.

Goti linakunjika kwenda mbele. Misuli ya mbele ya paja haina nguvu ya kulifunga goti. Mtazame mtu huyu akitembea: mkono wake hubana paja kila anapokanyaga kwa mguu ule, na wengi hufanya hivyo bila hata kujua. Mkono huo ndio msuli wake. Siku anapobeba birika la chai kwa mkono uleule, au kumnyanyua mtoto, au kushika mwavuli, mkono umeondoka pajani na goti halina mlinzi. Hatari ya watu hawa ni kubwa zaidi mikono ikiwa imejaa kuliko wakitembea mikono mitupu. Dawa ya kwanza haina gharama: mkono wa upande dhaifu usibebe kitu chochote. Vitu vidogo viingie kwenye mkoba wa kuvaa mabega yote mawili. Chai ibebwe kwenye chupa ya kufunga, si kwenye kikombe au birika.

Goti linarudi nyuma kupita kiasi. Mtu amejifunza kulifunga goti kwa kulisukuma nyuma. Njia hiyo humsaidia miaka mingi, huku kano za nyuma ya goti zikinyooka kidogokidogo. Dalili ni maumivu nyuma ya goti jioni. Huyu anahitaji kalipa, yaani fremu ya kuvaa inayoshikilia mguu, au kifaa cha kuzuia goti kabla kano hazijaachia kabisa, maana zikishaachia hakuna zoezi la kuzirudisha.

Vidole vinakwaruza. Unyayo haunyanyuki vya kutosha, kwa hiyo kila kizingiti na kila ncha ya mkeka ni mtego. Angalia soli ya kiatu: ikiwa imelika mbele kwenye ncha ya vidole, jibu umelipata. Kifaa chepesi cha plastiki cha kushikilia kifundo, kinachovaliwa ndani ya kiatu, huondoa sehemu kubwa ya tatizo.

Nyonga inayumba. Kiwiliwili huegemea upande kwa kila hatua, na mtu huanguka kiubavu, hasa akigeuka haraka anapoitwa. Bakora humfaa sana, na mazoea ya kugeuka kwa hatua ndogo tatu nne badala ya kujizungusha.

Kisha kuna “mguu mzima”. Huu utazame kwa makini kuliko yote. Mara nyingi nao uliguswa na polio, kidogo tu, ukapona ukasahauliwa, halafu ukabeba mwili peke yake maisha yote. Ukianza kushindwa kuinuka kwenye kiti cha chini au kupanda ngazi kwa mguu ulioutegemea, usingoje. Mguu huo ukivunjika, hakuna wa pili wa kusimamia.

Na ukiona kwamba kuanguka kwako kwingi ni alasiri na magharibi, sababu ni uchovu wa misuli. Peleka shughuli za kutoka asubuhi, lala au kaa miguu juu adhuhuri, na usingoje mpaka miguu itetemeke ndipo utafute kiti.

Nyumba ya mawe

Nyumba za kale za Lamu zina vizingiti virefu, ngazi zenye mwinamo mkali na vipandio visivyolingana, na sakafu za chokaa zinazoteleza zikilowa. Huwezi kuibadilisha nyumba nzima, na hakuna haja. Anza na njia moja tu: kitanda mpaka choo. Hiyo ndiyo njia inayotembewa usiku, kwa haraka, bila kalipa.

Ikiwezekana, mtu alale ghorofa ya chini. Kama chumba kiko juu, apande mara moja na kushuka mara moja kwa siku, na vitu vyake viwe pote pawili. Kwenye ngazi, kupanda unaanza na mguu wenye nguvu. Kushuka unaanza na mguu dhaifu pamoja na bakora. Chora mstari mweupe wa rangi wa sentimita 5 kwenye ukingo wa kila kipandio, hasa cha mwisho, maana ndicho kinachokosewa.

Mwamba wa kushikia uwe kimo cha sentimita 85 hadi 95 kutoka kwenye ukingo wa kipandio, na nafasi ya sentimita 5 kati yake na ukuta ili vidole vizunguke. Unene unaoshikika vizuri ni kama sentimita 4, na mti wa mkoko aina ya pau nyembamba, uliosuguliwa vizuri kwa msasa, unafaa kabisa na hauli kutu kama bomba la chuma linavyoliwa na chumvi ya bahari. Mafundi wengi hukosea kwenye ufungaji. Skrubu fupi zikiingia kwenye lipu ya chokaa pekee zitashika miezi michache, kisha zitachomoka siku ileile mtu anapouning'inia mwamba kwa uzito wake wote. Funga kwanza bao la mti mgumu, upana wa sentimita 15, kwa bolti zinazoingia kwenye jiwe lenyewe sentimita 8 hadi 10, moja kila sentimita 40. Kisha funga mwamba kwenye bao. Kabla ya kumruhusu mzee kuutumia, watu wazima wawili wauvute kuelekea chini kwa nguvu zao zote. Mwamba ukilia au kusogea, fungua urudie. Na kwa kuwa Mji wa Kale unalindwa na umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, uliza ofisi ya Makumbusho kabla ya kutoboa ukuta wa kale. Penye ukuta usiotoboka, nguzo ya mkoko iliyokazwa kati ya sakafu na boriti ya dari, kando ya kitanda, hufanya kazi nzuri.

Chooni, kuchuchumaa ndiko kunakowashinda wengi, na kuinuka zaidi. Usitumie kiti cha plastiki kilichokatwa tundu. Miguu yake hutanuka ghafla kwenye sakafu yenye maji. Mwombe seremala atengeneze kiti cha mbao chenye tundu na mikono, miguu ikiwa imetanuka kidogo chini na kuvalishwa mipira. Kimo chake: pima kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti ukiwa umevaa viatu, ongeza sentimita 5 hadi 8. Asiye na nguvu za paja anahitaji kiti cha juu kuliko wengine, na kipimo hichohicho kitumike kwa kitanda na kiti cha barazani. Kuoga iwe kwa kukaa, ndoo ikiwa juu ya stuli badala ya chini sakafuni.

Kizingiti kirefu hakihitaji kuvunjwa. Weka kibao cha kukanyagia kila upande, chenye upana wa sentimita 30 angalau kisichocheza, na kishikio kwenye mwimo. Mikeka na mabusati ya mapito yaondoke; ya kukalia yabaki pale watu wanapokaa. Taa ndogo ya sola iwake usiku kucha kwenye njia ya choo.

Vichochoroni, msikitini na botini

Punda ana haki ya njia Lamu, na mtu wa kalipa hawezi kuruka pembeni. Ukisikia punda anakuja, simama, geuza mgongo ukutani. Usijaribu kumwahi kufika kwenye kona. Wakati wa mvua za masika, Aprili mpaka Juni, kinyesi kilicholowa na mitaro iliyofurika huteleza vibaya. Toka mvua ikishakatika na maji yakishapungua.

Ndara hazifai. Mguu usionyanyuka hauwezi kuzishika, nazo huvuka zenyewe njiani. Tafuta kiatu kilichofungwa nyuma, soli nyembamba kiasi na ngumu, yenye mistari ya kuzuia kuteleza, kisicho na kisigino kirefu. Ndani ya nyumba tunavua viatu, na hapo ndipo mwenye mguu mfupi au kifaa cha kifundo hupoteza msaada wake wote. Weka jozi ya pili safi, yenye soli ya kuongeza urefu, iwe ya ndani tu.

Msikitini, kutawadha ukiwa umeketi nyumbani kabla ya kutoka kunakuepusha na sakafu iliyolowa karibu na birika. Swala ya kukaa kwenye kiti ina nafasi yake kwa asiyeweza kusujudu, na imamu atakueleza. Kiti kiwekwe mwisho wa safu, karibu na ukuta.

Gatini, angalia maji. Maji yakitoka, ngazi za chini hubaki wazi zikiwa na utelezi wa kijani na chombo hukaa chini sana. Siku za bamvua tofauti hiyo ni kubwa zaidi. Kama una safari ya Mokowe, gati la upande wa bara, ipange maji yakiwa yamejaa, chombo kikiwa karibu sawa na gati. Keti kwanza ukingoni, kisha miguu ndani. Anayekusaidia asikuvute mkono, maana bega lililobeba magongo miaka 40 huchanika kwa urahisi. Akushike mkanda wa kiunoni, na kikoi kilichokunjwa na kukazwa vizuri kiunoni kinatosha.

Bakora, magongo na kalipa

Bakora hushikwa na mkono wa upande wenye nguvu, mkabala na mguu dhaifu. Simama wima na viatu vyako, mikono ikining'inia: kishikio kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Magongo ya kwapani yaache nafasi ya vidole vitatu chini ya kwapa, uzito ubebwe na viganja. Anayeegemea kwapa huumiza neva za mkono na kuamka vidole vimelegea. Mipira ya chini ibadilishwe mara tu mistari yake inapofutika. Mpira uliolika juu ya jiwe lililolowa huteleza kama sabuni.

Kalipa yenye kufuli ya goti ikaguliwe kila asubuhi, dakika mbili tu. Sukuma kufuli zote mbili, ya ndani na ya nje, mpaka usikie mlio wa kila moja. Kisha, kabla ya kusimama, bonyeza goti kwa kiganja kuhakikisha halikunjiki. Mchanga wa Shela na chumvi huingia kwenye kufuli ikashuka nusu, mtu akaamini imefunga. Ipige brashi kavu kila jioni, na mara moja kwa wiki tia tone moja la mafuta ya cherehani, upanguse. Tazama pia skrubu, ngozi zilizopasuka, na soli ya kuongeza urefu kama imeanza kubanduka. Mombasa kuna karakana za chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, na kujiandikisha kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hufungua njia ya kuomba vifaa.

Kuujenga mfupa

Mtu mzima wa zaidi ya miaka 50 anahitaji miligramu 1,000 hadi 1,200 za kalsiamu kwa siku. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina karibu 300. Kilichobaki kitoke kwenye mtindi, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na ufuta usiokobolewa. Mchicha ni mzuri kwa mengine, lakini kalsiamu yake haisharabiwi vizuri. Protini nayo isikose kila mlo, na samaki Lamu hawakosi.

Vitamini D hutengenezwa na ngozi inayopigwa na jua. Kuishi pwani hakutoshi kama mtu hukaa ndani mchana kutwa au hutoka amejifunika buibui mwili mzima. Akina mama wakae uani, mikono na miguu wazi, mara kadhaa kwa wiki. Asiyeweza, daktari anaweza kumwandikia vidonge, na kipimo cha kawaida kwa wazee ni yuniti 800 kwa siku.

Ukipata nafasi ya kipimo cha uzito wa mfupa, omba nyonga ya mguu dhaifu ipimwe. Mara nyingi nyonga moja tu hupimwa, na ikiwa ni ile yenye nguvu, majibu yatakuliwaza bure. Aliyekwisha kuvunjika kwa kuanguka kidogo azungumze na daktari kuhusu dawa bila kungoja kipimo. Inayotumika sana ni alendroneti ya miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki: alfajiri tumbo tupu, glasi nzima ya maji matupu, kisha kukaa wima au kusimama nusu saa bila kula. Anayelala baada ya kukimeza huchomwa umio. Kwa sababu hiyo, ambaye polio ilimwachia shida ya kumeza au asiyeweza kukaa wima amweleze daktari. Ipo sindano ya mara moja kwa mwaka. Figo na kalsiamu ya damu zipimwe kwanza. Katika Ramadhani, mpangilio wa saa uulizwe mapema.

Dawa nyingine huangusha. Vidonge vya usingizi, amitriptilini (dawa ya huzuni na maumivu ya neva), na za presha zikizidi kipimo ndizo za kutazamwa kwanza. Pimwa presha ukiwa umelala, kisha ukiwa umesimama. Usiache dawa ya presha mwenyewe.

Mazoezi ni kwa kiasi. Msuli usioweza hata kunyanyua mguu wenyewe usilazimishwe. Kwa mguu wenye nguvu, inuka na keti kwenye kiti cha juu mara 5, pumzika, rudia mara moja, siku 3 kwa wiki. Ukiamka kesho yake na uchovu au maumivu yaliyobaki, ulizidisha; punguza nusu.

Ukianguka

Usiinuke, na asikuinue mtu. Vuta pumzi, sogeza mikono, kisha mguu mmoja baada ya mwingine. Kwa wengine, mguu ulioonekana mfupi na kugeukia nje ni dalili ya nyonga kuvunjika. Wako huenda ulikuwa hivyo tangu utotoni, na daktari asiyekujua anaweza kudanganyika kwa njia zote mbili. Ndiyo sababu inafaa kuwa na picha ya simu, miguu yote miwili ukiwa umelala chali, iliyopigwa siku ya uzima. Alinganishe.

Kukiwa na maumivu ya kinena, paja au goti, au huwezi kukanyaga kama ulivyokuwa ukikanyaga, chukulia kuwa umevunjika. Wasaidizi, wekeni mto kati ya miguu ya aliyeanguka, fungeni miguu pamoja kwa leso pana juu na chini ya goti, mbebeni kwa machela au mlango mpaka hospitali ya King Fahd. Mguu usivutwe, usikandwe. Mfupa mwembamba huzidi kuvunjika chini ya mikono ya mkandaji. Asile kitu mpaka aonwe, kwani huenda akahitaji upasuaji.

Picha ya kwanza ya eksirei inaweza isionyeshe ufa katika mfupa mwepesi. Omba miguu yote miwili ipigwe kwa kulinganisha, na maumivu yakiendelea, irudiwe baada ya siku 7 hadi 10 bila kukanyaga, au ufanyike uchunguzi wa kina zaidi.

Andika kwenye karatasi, iwe pamoja na kitambulisho: “Niliugua polio. Mwambieni mtaalamu wa nusukaputi.” Walioathirika na polio huweza kulegezwa kupita kiasi na dawa za kulegeza misuli, huchelewa kuamka, na pumzi zao zinahitaji kuangaliwa kwa karibu. Wafunikwe wasipate baridi. Nyonga iliyovunjika ikipasuliwa ndani ya siku mbili huwa na matokeo bora, kwa hiyo kama ni rufaa ya Mombasa, familia isiingie kwenye kikao cha siku nne.

Baada ya hapo adui ni kitanda. Misuli iliyokuwa ikitosha kwa shida hupotea haraka ikilala, kwa hiyo ombeni fiziotherapia ianze siku moja au mbili baada ya upasuaji, kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko. Na kabla ya kuvaa kalipa ya zamani tena, urefu wa mguu upimwe upya: mfupa uliounga huweza kuwa mfupi kwa sentimita moja au mbili, na kufuli ya goti ikikaa juu au chini ya goti lenyewe, kalipa hiyohiyo itamwangusha.